Abdus Salam: Mwanafizikia Aliyeukataa Upweke wa Msomi

Utangulizi

Mtu akisimama karibu na Ngome ya Yesu, pembeni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, na kuyaelekeza macho yake kwenye Bandari ya Kale, ataona maji ya majahazi na mitumbwi. Akikivuka kisiwa hadi upande wa pili atakuta Kilindini, penye kina kirefu na meli kubwa za mizigo. Majina ni mawili, kazi ni mbili, na hata sura ya maji yenyewe ni tofauti. Mgeni anaweza kuapa kwamba ameziona bahari mbili. Lakini mvuvi anayetoka nje ya mwamba anajua kwamba bahari ni moja, na kwamba ni kisiwa tu kilichoigawa machoni petu.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyeyatazama maumbile kwa jicho la mvuvi huyo. Jina lake ni Abdus Salam, mwanafizikia mzaliwa wa Punjab, aliyeishi kati ya mwaka 1926 na 1996. Huenda msomaji akajiuliza mwanafizikia huyu anatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Majibu yapo matatu. Kwanza, Punjab si ugenini kwa Mombasa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901 ilijengwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliotoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi, ambao walipanda meli Karachi na kushuka hapa. Pili, kazi ya Salam ya kuujenga umoja wa wanasayansi wa nchi maskini ilimkutanisha na mzaliwa wa Mombasa, kama tutakavyoona. Tatu, na hili ndilo kubwa, maisha yake yanaliuliza swali ambalo kila msomi kijana wa pwani hii amewahi kujiuliza kimoyomoyo: je, ni lazima nikihame kwetu ili nipate elimu?

Kuzaliwa na Malezi

Salam alizaliwa tarehe 29 Januari 1926, wakati Punjab ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Alikulia Jhang, mji mdogo wa wakulima, na baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya elimu. Haikuwa nyumba ya kitajiri, lakini kitabu kiliheshimiwa humo.

Alipokuwa na umri wa miaka 14 alifanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Punjab na kupata alama ambazo hakuna mtahiniwa aliyewahi kuzifikia kabla yake. Siku aliporudi nyumbani kwa baiskeli, watu wa mji walitoka kumlaki. Aliendelea na masomo katika Chuo cha Serikali, Lahore, na akiwa bado kijana wa miaka 17 alichapisha makala yake ya kwanza ya hisabati, kuhusu tatizo lililotokana na kazi ya Ramanujan, mwanahisabati mashuhuri wa Kihindi.

Safari yake ya kwenda Uingereza ilitokana na bahati ambayo hakuisahau. Fedha zilizokuwa zimechangwa kwa ajili ya Vita Vikuu vya Pili zilibaki baada ya vita kwisha, zikageuzwa kuwa ufadhili wa watoto wa wakulima wadogo. Salam alipata nafasi ya kwenda Cambridge mwaka huo huo wa 1946. Wenzake waliopewa ufadhili huo huo waliambiwa wasubiri mwaka unaofuata. Na ulipofika mwaka 1947, Bara Hindi liligawanywa, ufadhili ukafa, nao wakabaki na barua mikononi. Tangu hapo Salam alijua kwamba kipaji peke yake hakitoshi, na kwamba mlango ukifungwa saa moja kabla hujafika, kufaulu kwako hakukufai kitu.

Kukutana na Kwanta

Katika Chuo cha St John's, Cambridge, Salam alifaulu kwa daraja la kwanza katika hisabati, kisha katika fizikia. Fizikia aliyoikuta ilikuwa imepinduliwa miongo michache kabla yake. Mwaka 1900 Max Planck, mwanafizikia wa Kijerumani, alipendekeza kwamba nishati ya mwanga haitolewi kama maji yanayotiririka bali kwa mafungu yasiyogawanyika. Fungu moja la namna hiyo huitwa kwanta.

Aliyewahi kuketi barazani Kibokoni jioni atalielewa jambo hili kwa wepesi. Muuza kahawa hupita na dele lake pamoja na vikombe vidogo. Unaweza kununua kikombe kimoja, viwili au vitano, lakini hakuna anayenunua theluthi ya kikombe. Maumbile nayo, katika kiwango cha chembe ndogo kabisa, huuza nishati kwa kikombe kizima au hayauzi kabisa.

Kutokana na wazo hilo yalizaliwa mengine yaliyowashangaza hata waliyoyazaa. Elektroni haina budi kuelezwa kama wimbi na kama chembe. Mahali pake hapajulikani kwa uhakika kabla ya kupimwa. Kinachojulikana ni uwezekano tu. Wanafizikia walikuwa wakihangaika kuiunganisha nadharia hiyo na nadharia ya umeme na sumaku, kwa kuwa hesabu zao zilikuwa zikitoa majibu yasiyo na kikomo, yaani majibu yasiyo na maana. Salam aliingia katika uwanja huo akiwa mwanafunzi wa uzamifu na akatatua sehemu ngumu iliyokuwa imebaki. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1951, na jina lake likajulikana kote walikokuwapo wanafizikia kabla hajatimiza miaka 26.

Upweke wa Lahore

Mwaka huo huo alirudi nyumbani. Angeweza kubaki Ulaya, lakini aliamini kwamba deni la elimu hulipwa kwenu. Alipewa kiti cha profesa katika chuo alichosomea Lahore, na baada ya muda mfupi akaongoza idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Punjab.

Hapo ndipo lilipoanza pigo la maisha yake. Utafiti haukutarajiwa kwake. Aliombwa achague kazi ya ziada ya chuo, naye akajikuta akiisimamia timu ya kandanda. Majarida mapya ya fizikia hayakufika, na mtu wa kuzungumza naye kuhusu kwanta hakuwapo. Wolfgang Pauli, mmoja wa wakuu wa fizikia ya karne ile, alipokuwa ziarani Bombay na kumwalika, Salam alifunga safari mara moja kwa kiu ya mazungumzo. Aliporudi alikuta analaumiwa kwa kuondoka bila ruhusa. Mwaka 1953 Lahore ikakumbwa na ghasia dhidi ya Waahmadiyya, jumuiya ya kidini ambayo Salam alikuwa mfuasi wake.

Yafaa tutue hapa. Msomi wa fasihi aweza kuandika peke yake chumbani, ingawa hata yeye huhitaji hadhira. Mwanasayansi wa nadharia hana maabara. Maabara yake ni mazungumzo. Wazo lake hukua linapogongana na wazo la mwenzake, kama jiwe la kiberiti linavyohitaji jiwe jingine. Salam aliona kwamba mambo mawili tu yalikuwa mbele yake: abaki nyumbani na fizikia ife ndani yake, au aihame nchi ili fizikia iishi. Mwaka 1954 alirudi Cambridge kuwa mhadhiri. Aliondoka kwa uchungu, na uchungu huo ukazaa nadhiri: kwamba atafanya kila awezalo ili vijana watakaomfuata wasilazimike kuchagua kama alivyochagua yeye.

Bahari Moja

Mwaka 1956, akiwa ndegeni usiku akirudi kutoka mkutano wa Marekani, Salam alipata wazo kuhusu chembe iitwayo nyutrino: kwamba maumbile hayatendi sawa kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na kwamba hilo ndilo linaloifanya nyutrino isiwe na uzito. Alilipeleka kwa wakubwa. Pauli alimjibu kwamba atafute wazo lililo bora zaidi. Salam akasitasita kulichapisha. Haukupita muda, majaribio yakathibitisha kwamba maumbile kweli hubagua kulia na kushoto, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1957 ikawaendea Lee na Yang, Wachina wawili waliokuwa wakifanya kazi Marekani, ambao walikuwa wamelichapisha swali hilo bila kusita. Salam alijifunza kwamba heshima kwa mwalimu ni wajibu, lakini hofu ya mwalimu ni kizuizi.

Mwaka 1957 aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo cha Imperial, London, na mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 33, akachaguliwa mwanachama wa Royal Society. Ndipo alipojikita katika kazi iliyomletea sifa kuu.

Wanafizikia huhesabu nguvu nne katika maumbile. Ipo nguvu ya mvutano inayotuweka ardhini. Ipo nguvu ya umeme na sumaku, inayowasha taa na kuongoza dira. Ipo nguvu kali inayofunga kiini cha atomu. Na ipo nguvu dhaifu, isiyoonekana katika shughuli za kila siku, ambayo huigeuza protoni kuwa nyutroni na hivyo kulifanya jua liwake polepole kwa mabilioni ya miaka. Umeme na nguvu dhaifu havifanani hata kidogo. Umeme hufika mbali. Nguvu dhaifu haivuki hata upana wa kiini cha atomu.

Salam alidai kwamba hizo mbili ni nguvu moja. Sheldon Glashow, Mmarekani, alikuwa amefungua njia mwaka 1961. Steven Weinberg, Mmarekani mwingine, aliifikia nadharia kamili mwaka 1967, na Salam akaiwasilisha kwa njia yake mwenyewe mwaka 1968, bila mmoja kunakili kwa mwenzake. Kwa mujibu wao, katika joto kuu la mwanzo wa ulimwengu nguvu hizo zilikuwa kitu kimoja. Ulimwengu ulipopoa zikatengana, kama maji ya Kilindini na ya Bandari ya Kale yanavyotenganishwa na kisiwa. Nadharia ilitabiri kuwapo kwa chembe ambazo hazijawahi kuonekana. Mwaka 1983, katika maabara ya CERN karibu na Geneva, chembe hizo zilipatikana: W na Z, zenye uzito wa takriban mara 86 na mara 97 ya protoni. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1979, Salam, Glashow na Weinberg walikuwa wameshapewa Tuzo ya Nobel. Salam aliipokea akiwa amevaa kilemba na mavazi ya kwao.

Nyumba ya Trieste

Nadhiri aliyoiweka alipotoka Lahore hakuiacha. Mwaka 1960 alipendekeza mbele ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki kwamba kianzishwe kituo cha fizikia kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Baadhi ya wajumbe wa nchi tajiri walimbeza. Inasimuliwa kwamba mmoja wao aliifananisha fizikia ya nadharia na gari la kifahari, na kuona kwamba nchi changa zilihitaji mkokoteni wa ng'ombe. Salam hakurudi nyuma. Mwaka 1964 Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia kilifunguliwa Trieste, Italia, naye akakiongoza hadi mwaka 1993.

Ubora wa kituo hicho haukuwa katika majengo bali katika utaratibu. Mwanafizikia wa Afrika, Asia au Amerika ya Kusini alikubaliwa kuwa mshirika kwa miaka kadhaa. Kila baada ya muda angekwenda Trieste kwa miezi michache, asome majarida mapya, abishane na mabingwa, kisha arudi kwao kufundisha. Hakuhitaji kuhama. Upweke wake ulipatiwa dawa bila nchi yake kunyang'anywa mwalimu. Katika miaka ya 1980 kituo kilianza pia kufundisha elimu ya kompyuta ndogo, wakati ambapo vyuo vingi vya nchi maskini havikuwa nazo. Fungu lake la fedha za Nobel Salam alilitoa lote kwa manufaa ya wanafizikia wa nchi hizo.

Mwaka 1983 alianzisha Akademia ya Sayansi ya Ulimwengu wa Tatu. Kutokana na mikutano yake mjini Trieste ilizaliwa, mwaka 1985, Akademia ya Sayansi ya Afrika, ambayo makao yake makuu yako Nairobi. Rais wake wa kwanza alikuwa Profesa Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Makerere na Cambridge, na kuanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE mwaka 1970. Odhiambo, aliyefariki mwaka 2003, alikuwa na imani ile ile: kwamba Mwafrika ana haki ya kufanya sayansi ya juu akiwa kwao. Mti huo haujaacha kuzaa. Mwaka 2018 tawi la kituo cha Trieste kwa Afrika Mashariki lilifunguliwa Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda.

Kwanta, Kompyuta na Falsafa

Urithi wa fizikia aliyoitumikia Salam umetuzunguka. Transista, kiungo cha msingi cha kila kompyuta na simu, haiwezi kuelezwa bila kwanta. Ndivyo ilivyo pia leza. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilizofikishwa Mombasa mwaka 2009, mmojawapo ukitokea Fujairah, hubeba maneno yetu kwa mwanga wa leza.

Juu ya hapo, wataalamu sasa wanaunda kompyuta zinazotumia kwanta yenyewe kufanya hesabu. Kompyuta ya kawaida hutumia biti, ambayo ni sifuri au moja. Biti ya kikwanta ni kama sarafu inayozunguka mezani, isiyosemwa kuwa kichwa wala mkia hadi itulie, ingawa mfano huu una upungufu wake. Biti kumi za kawaida hubeba hali moja kati ya 1,024. Biti kumi za kikwanta huelezwa kwa hali zote 1,024 kwa pamoja, japo ukizisoma utapata jibu moja tu. Ufundi uko katika kuyapanga mahesabu ili jibu sahihi ndilo lijitokeze. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba mashine ya aina hiyo, ikikamilika, itaweza kuvunja misimbo mingi inayolinda siri za benki na serikali. Mashine zilizopo leo bado ni dhaifu na zina makosa mengi, lakini kazi inaendelea.

Katika falsafa, kwanta iliacha swali ambalo halijafungwa: je, kitu kina hali yake kabla ya kupimwa, au kipimo ndicho kinachokipa hali? Einstein na Bohr walibishana juu yake hadi uzeeni. Maisha ya Salam yanaongeza swali jingine. Yeye aliamini kwamba umoja wa nguvu za maumbile ni kivuli cha umoja wa Muumba, na imani hiyo ilimtia moyo kuutafuta. Weinberg hakuwa na dini. Wawili hao, mmoja akiongozwa na imani na mwingine bila imani, walifika mlango mmoja. Salam mwenyewe alilikiri jambo hilo bila kinyongo. Imani yaweza kumpa mtafiti hamu ya kusafiri, lakini maumbile hayamwulizi mgeni wake dini wala kabila. Humwuliza hesabu zake.

Nabii na Kwao

Wahenga walisema nabii hana heshima kwao. Mwaka 1974 katiba ya Pakistani ilirekebishwa na kuwatangaza Waahmadiyya kuwa si Waislamu. Salam, aliyekuwa mshauri wa sayansi wa rais kwa miaka mingi, alijiuzulu ushauri. Uraia wake hakuuacha hadi kufa. Mpakistani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel akawa mtu ambaye wengi kwao waliona taabu kumtaja.

Naye hakuwasahau waliomlea. Inasimuliwa kwamba baada ya kupata tuzo alimtafuta mwalimu wake wa hisabati wa Lahore, Anilendra Ganguly, Mhindu aliyehamia India baada ya mgawanyo. Alimkuta Kolkata mwaka 1981, mzee na mgonjwa kitandani, akamkabidhi medali yake na kumwambia kwamba ilikuwa ya mwalimu.

Katika miaka ya mwisho alishikwa na maradhi ya mishipa ya fahamu yaliyomnyang'anya kwanza mwendo, kisha usemi. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996 na kuzikwa Rabwah, Punjab. Neno la kumtaja kuwa Mwislamu lilifutwa baadaye kwenye jiwe la kaburi lake. Mwaka 1997 kituo cha Trieste kilipewa jina lake.

Hitimisho

Mwandishi wa makala haya alisoma fizikia ya shule ya upili kwa Kiingereza na kuifaulu. Jioni moja nyanya yake, barazani Mji wa Kale, alimwuliza jua linapata wapi kuni za kuwaka siku zote hizo zisiishe. Jibu alikuwa nalo, kwani alilijibu katika mtihani, lakini maneno hayakumjia. Alibabaika, nyanya akacheka, mazungumzo yakahamia kwingine. Nyanya hakuuliza tena.

Huo nao ni upweke wa msomi, ingawa si ule wa Lahore. Salam alikosa wenzake wa kuzungumza nao. Sisi tunao watu wetu, lakini tunakosa lugha ya kuwapelekea tulichokisoma. Kazi imeanza: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Hata hivyo, kamusi ni ghala tu. Chakula hakijapikwa mpaka pawepo watu wa kuandika makala, vitabu na masimulizi yatakayoyatumia maneno hayo hadi yazoeleke vinywani. Wajibu huo ni wetu, sisi wanafunzi wa Kiswahili, kabla ya kuwa wa wanafizikia.

Swali la nyanya yangu lilihusu nguvu dhaifu, ile ile aliyoishughulikia Abdus Salam. Alikuwa ameuliza swali la Tuzo ya Nobel akiwa amekaa juu ya mkeka, na hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo.